Mbwa-mwitu Ndani ya Sello

Nia yangu katika makala haya ni kueleza ugonjwa mmoja unaozipata ala za nyuzi zipigwazo kwa upinde: dalili zake, sababu zake, namna ya kuupima na namna ya kuutibu. Wanamuziki wa Ulaya wameupa jina la "mbwa-mwitu". Wameuita hivyo kwa kuwa ala yenye ugonjwa huo huimba vizuri kwenye sauti zote, lakini ikifikishwa kwenye sauti moja fulani huacha kuimba, ikaanza kutetemeka na kukatika-katika kama mnyama anayebweka kwa mbali.

Huenda msomaji akauliza, jambo hili latuhusu nini sisi wanafunzi? Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, somo la mitetemo tunalosomeshwa katika fizikia limo lote ndani yake, na atakayeelewa mbwa-mwitu amekwisha kulielewa somo hilo. Pili, ala zenyewe tunazo kwetu, na wapigaji wake ni ndugu na wazee wetu. Mpigaji asiyejua habari za ugonjwa huu huweza kulaumiwa bure kwa kosa lisilo lake, na ala njema huweza kuuzwa kwa bei ya kuni.

ALA ZENYEWE

Kupiga uzi kwa upinde si jambo geni Afrika ya Mashariki. Wagogo wanalo zeze, Wajaluo wa Kenya wanayo orutu, na Waganda wanayo endingidi. Zote hizo hutoa sauti kwa kusuguliwa nyuzi zake na upinde. Katika pwani yetu ala kubwa za namna hii ni zile za taarab. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905, na Culture Musical Club kikafuata mwaka 1958. Vikundi vya taarab vilipofuata mtindo wa bendi kubwa za Cairo, fidla kadhaa zilikaa safu moja pamoja na udi, ganuni, nai na akodioni, na nyuma yao sello na besi. Tangu mwaka 2002 kiko Unguja pia chuo cha muziki wa nchi za majahazi, nacho hufundisha vijana ala hizo.

Sello ni kama fidla kubwa. Mpigaji huketi kitini, akaisimamisha baina ya magoti yake, na mchuma ulio chini yake huegemea sakafuni. Ina nyuzi nne, ziitwazo C, G, D na A, kuanzia ule mnene hadi ule mwembamba. Uzi wa C ukiachwa wazi hutetema mara 65 hivi kwa sekunde, wa G mara 98, wa D mara 147, na wa A mara 220.

Nyuzi hizo hupita juu ya kibao chembamba kinachosimama, kiitwacho daraja. Daraja lina miguu miwili, nalo halikugundishwa kwa gundi. Lashikwa na mkazo wa nyuzi tu. Chini ya daraja uko ubao wa tumbo, wenye matundu mawili ya umbo la herufi f. Ndani ya sello, karibu na mguu mmoja wa daraja, kimesimama kijiti cha mviringo kinachounganisha ubao wa tumbo na ubao wa mgongo. Kijiti hicho Wafaransa na Waitalia hukiita "roho" kwa lugha zao, na jina hilo ni la haki, maana kikianguka ala hupoteza sauti yake. Chini ya mguu wa pili umegundishwa upapi mrefu wa mbao, nao huupa ubao nguvu.

Uzi peke yake hausikiki mbali, kwa kuwa ni mwembamba mno kuisukuma hewa. Kazi yake ni kulitikisa daraja. Daraja hulitikisa tumbo. Na tumbo ndilo linalosukuma hewa hata sauti ikatufikia masikioni.

DALILI ZAKE

Katika sello mbwa-mwitu hukaa mara nyingi baina ya sauti ya E na F-shapu, yaani baina ya mitetemo 165 na 185 kwa sekunde. Hulia kwa nguvu zaidi sauti hiyo inapopigwa juu ya nyuzi nene, G na C, mkono wa kushoto ukiwa umepanda juu shingoni. Sauti ile ile ikipigwa kwenye uzi wa D, ambao ni mwembamba zaidi, mbwa-mwitu huwa mpole, na pengine hasikiki kabisa.

Dalili zake ni hizi. Mpigaji huhisi upinde ukimteleza, kana kwamba uzi wakataa kushikwa. Sauti hupanda na kushuka kwa nguvu mara kadhaa kwa sekunde moja. Huchanganyika na sauti nyingine ya juu, iliyo kama mtoto wake. Nayo magoti ya mpigaji huhisi tumbo la sello likitikisika kuliko desturi.

Nitaeleza niliyoyaona mwenyewe, ili msomaji ajue kwamba si maneno ya vitabuni tu. Mjomba wangu hupiga sello katika kikundi kimoja cha taarab. Kikundi hicho kilinunua sello iliyokwisha tumika, yenye sauti nene na nzuri, wala hapakuwa na aliyeona kasoro siku ya kuinunua. Baadaye, kila wimbo ulipofika mahali fulani, sello ilibweka. Wenzake wakaanza kutazamana. Mmoja wao akasema kwamba mkono wa mzee umechoka. Mjomba alipojitetea kwamba kasoro iko katika ala, akajibiwa kwa methali, "Mchagua jembe si mkulima." Likatolewa shauri kwamba yeye apewe dufu, na sello itafutiwe mnunuzi.

Methali ile ni ya kweli mara nyingi, lakini si mara zote. Jembe nalo huweza kulegea mpini. Siku moja kijana hodari wa kikundi kile, mwenye mkono usiotiliwa shaka, aliombwa akalie kiti cha mjomba na kupiga wimbo ule ule. Alipofika mahali pale pale, sello ikabweka vile vile. Watu wote wakanyamaza. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, nacho hakina gharama: ukitaka kujua kama kosa ni la mkono au la ala, badilisha mkono.

SABABU ZAKE

Ili kuelewa sababu, yafaa kufanya jaribio ambalo mwanafunzi yeyote aweza kulifanya bwenini. Funga kamba baina ya vitanda viwili, uikaze kiasi. Katika kamba hiyo ning'iniza mawe mawili yenye uzito sawa, kila moja kwa uzi wake, na nyuzi hizo ziwe na urefu sawasawa. Kisha lisukume jiwe moja lipige pembea, na la pili uliache limetulia. Baada ya muda mfupi utaona ajabu. Jiwe la kwanza litapunguza mwendo hata lisimame, na la pili, ambalo hukuligusa, litakuwa linapembea kwa nguvu zote. Kisha la pili nalo litatulia, na la kwanza litaanza tena. Yataendelea kupokezana hivyo hivyo hata nguvu ziishe.

Sasa fupisha uzi wa jiwe moja, urudie jaribio. Utaona kwamba mapokezano yamekoma au yamekuwa madogo sana. Maana yake ni hii: vitu viwili vilivyounganishwa hupeana nguvu zake vizuri pale tu ambapo mwendo wa kimoja unalingana na mwendo wa kingine. Kulingana huko na kuitikiana nitakuita mwitikio.

Katika sello, jiwe la kwanza ni uzi, na jiwe la pili ni tumbo. Kila kitu kigumu kina mwendo wake wa asili wa kutetema. Ukiligonga tumbo la sello kwa kifundo cha kidole, husikia mlio wake. Mwendo mmoja mkubwa wa tumbo uko karibu na F-shapu. Mpigaji anapopiga sauti nyingine, uzi hutetema na tumbo hufuata kwa utii, likichukua nguvu kidogo kidogo. Lakini anapopiga sauti iliyo sawa na mwendo wa asili wa tumbo lenyewe, tumbo huitikia kwa pupa, likanyonya nguvu za uzi kuliko uzi unavyoweza kutoa.

Hapo yatupasa kujua upinde unavyofanya kazi. Singa za upinde ni za mkia wa farasi, nazo hupakwa utomvu mkavu wa msonobari ili zishike. Zinapopita, huukamata uzi na kuuvuta pembeni. Uzi huchopoka, ukarudi nyuma upesi. Kisha hukamatwa tena. Mtaalamu wa Kijerumani Hermann von Helmholtz aliuchunguza mwendo huo, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 akaeleza kwamba uzi unaosuguliwa kwa upinde hufanya pembe kali moja, na pembe hiyo hukimbia kwenda na kurudi juu ya uzi. Kila ifikapo chini ya upinde, ndipo uzi unapochopoka. Kwa sauti ya F-shapu mambo hayo hutukia mara 185 kwa sekunde, na kila mzunguko una mchopoko mmoja tu.

Mwendo huo hudumu kwa sharti kwamba ncha za uzi zimetulia. Tumbo linapoitikia kwa nguvu, daraja hutikisika, na ncha ya uzi huwa haina tena mahali imara pa kushikia. Upinde hauwezi kuukamata uzi kwa muda wote uliotakiwa, na uzi huchopoka mara mbili katika mzunguko mmoja badala ya mara moja. Hapo sauti hurukia juu, ikawa ile niliyoiita mtoto. Lakini sauti hiyo ya juu hailingani na mwendo wa tumbo. Basi tumbo hukosa chakula, likatulia. Likiisha kutulia, daraja huwa imara tena, na sauti ya kwanza hurudi. Sauti ya kwanza ikirudi, tumbo huamka tena. Mchezo huo ukirudiwa mara tano au sita kwa sekunde, masikio yetu husikia kubweka.

Aliyeyaeleza hayo kwa ushahidi ni Chandrasekhara Venkata Raman wa India, mwaka 1916. Alipiga picha mtetemo wa uzi na mtetemo wa tumbo la sello kwa wakati mmoja, akaonyesha jinsi kimoja kinavyofifia wakati kingine kinaposhika nguvu. Yafaa tujue kwamba wakati ule Raman hakuwa bado profesa. Alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya fedha mjini Calcutta, ambao tangu mwaka 2001 huitwa Kolkata, na uchunguzi wake aliufanya nje ya saa za kazi. Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi nyingine, ile ya mtawanyiko wa nuru. Mwaka 1963 John C. Schelleng wa Marekani, aliyekuwa mhandisi wa redio na mpenzi wa sello, aliandika makala akionyesha kwamba hesabu za nyaya za umeme zaweza kutumiwa kupima ni lini uzi utakuwa mzito kupita kiasi kwa tumbo lake, hata mbwa-mwitu atokee.

Je, kwa nini ugonjwa huu husumbua sello kuliko fidla? Jibu limo katika hesabu ndogo. Uzi mnene wa fidla hutetema mara 196 kwa sekunde, na ule wa sello mara 65. Yaani sauti ya sello iko chini mara tatu. Kama mafundi wangeikuza fidla kwa kipimo kile kile, sello ingalikuwa na mwili wa mara tatu, na hakuna ambaye angaliweza kuipiga. Kwa hiyo wameifanya mwili wake uwe na urefu wa sentimita 75 hivi, ambao ni kama mara mbili tu ya ule wa fidla wa sentimita 36. Ili sauti nene itoke katika mwili mdogo, hapana budi nyuzi ziwe nzito na ubao uwe mwepesi. Hapo ndipo jiwe la kwanza linapopata uwezo wa kulichezea jiwe la pili. Basi mbwa-mwitu si alama ya ala mbovu. Tumbo linaloitikia vizuri ndilo hilo hilo linaloweza kuitikia kupita kiasi, na sello nyingi nzuri zinaye.

NAMNA YA KUMPIMA

Kabla ya kutibu, sharti tujue kwamba ugonjwa ni huu na si mwingine. Kasoro inayofanana nayo sana ni mchakarisho, ule mlio wa kitu kilicholegea. Tofauti zake ni hizi.

Kwanza, dona uzi kwa kidole bila upinde. Kitu kilicholegea kitachakarisha hata hapo. Mbwa-mwitu hatabweka, utasikia tu sauti fupi iliyokufa upesi kuliko jirani zake, kwa kuwa tumbo limeinyonya.

Pili, zunguka kingo zote za sello ukigonga taratibu kwa kifundo cha kidole. Mahali palipobanduka gundi hutoa mlio wa ufa. Gundi ya ala hizi hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hailipendi joto pamoja na unyevu, mambo ambayo pwani yetu hayapungui. Tazama pia kama kigingi, skrubu ndogo ya kukazia uzi, au uzi wenyewe umelegea.

Tatu, ukiona hakuna kilicholegea, panda juu ya uzi wa G polepole, nusu sauti kwa nusu sauti, kwa upinde wa mwendo mmoja. Andika ni sauti gani inayobweka. Kisha itafute sauti hiyo hiyo juu ya uzi wa C. Kama kubweka kumefuata sauti wala si mahali pa kidole, huyo ni mbwa-mwitu. F-shapu, kwa mfano, juu ya uzi wa G hupatikana karibu na nusu ya urefu wa uzi. Juu ya uzi wa C huwa mbali zaidi, karibu na theluthi mbili za njia ya kuelekea darajani.

Nne, mpigaji aendelee kuipiga sauti ile, na mwenzake aguse tumbo la sello kwa kiganja, mahali baada ya mahali. Patakuwapo mahali ambapo kiganja kikigandamiza, kubweka hupungua. Patiwe alama ndogo ya chaki. Hapo ndipo tumbo linapotikisika zaidi, na ndipo dawa itakapofaa.

DAWA ZAKE

Kanuni ya kwanza ni kuanza na dawa inayoweza kuondolewa. Yasiguswe mambo ya ndani kabla ya kujaribu ya nje.

Dawa ya mkono. Mpigaji aweza kuubana mwili wa sello kwa magoti yake kwenye sauti ile tu, na kuukaza upinde zaidi. Asiupeleke upinde karibu mno na daraja, maana huko uzi hudai nguvu kubwa zaidi ndipo ushikike. Aweza pia kuihamisha sauti hiyo kwenye uzi wa D. Dawa hii haigharimu kitu, lakini humfunga mpigaji, kwa kuwa kila wimbo humbidi kukumbuka mahali pa hatari.

Dawa ya uzito. Chukua bonge dogo la nta au la udongo wa kuchezea watoto, ulibandike pale penye alama ya chaki. Tumbo lililoongezewa uzito hutetema polepole zaidi, na mbwa-mwitu hushuka. Shabaha si kumfukuza mpaka mbali, bali kumtoa juu ya sauti inayotumiwa na kumweka baina ya sauti mbili. F ina mitetemo 175 hivi na F-shapu 185. Akikaa kwenye 180, katika muziki wa Kizungu hana wa kumwamsha.

Dawa ya bomba. Wauzao vifaa vya muziki wanalo bomba dogo la shaba nyeupe au ya manjano, lenye mpira ndani na skrubu ubavuni, uzito wake gramu chache tu. Hufungwa juu ya kile kipande kifupi cha uzi kilicho baina ya daraja na kishikio cha nyuzi, mara nyingi kwenye uzi wa G au wa C. Kipande hicho kwa desturi hutetema kwa sauti ya juu sana. Uzito wa bomba huishusha sauti yake mpaka ilingane na mbwa-mwitu. Hapo huwa jiwe la tatu katika jaribio letu: nguvu ambazo zingalilitikisa tumbo hulitikisa bomba, na mpira wake huzimeza. Bomba lisogezwe milimita mbili au tatu, skrubu ikazwe, sauti ijaribiwe, kisha lisogezwe tena. Likikaribia mno daraja huziba sauti ya ala nzima.

Dawa ya uzi. Ikiwa uzi wa G au wa C ni mnene sana, uzi mwepesi zaidi huweza kumpunguza mbwa-mwitu, maana jiwe la kwanza limepunguzwa nguvu. Lakini sauti nayo hupungua unene.

Dawa ya fundi. Fundi aweza kuisogeza roho kidogo, au kugundisha ndani kijisahani chenye uzito kilichopatanishwa na sauti inayobweka. Kazi hii si ya mwanafunzi. Nasisitiza pia jambo moja: asiwepo wa kulegeza nyuzi zote nne kwa mara moja. Mkazo wao ndio unaolishika daraja na roho. Ukiondoka, vyote viwili huweza kuanguka, na sello iliyokuwa na mafua itakuwa imepewa homa ya mapafu.

SHARTI MOJA LA TAARAB

Liko jambo ambalo mafundi wa sello waliofundishwa kwa muziki wa Kizungu huweza kulisahau. Wao humweka mbwa-mwitu baina ya F na F-shapu, wakaondoka wameridhika. Lakini maqamu za Kiarabu zinazo sauti zinazokaa katikati kabisa, ziitwazo robo sauti. Maqamu ya Rast ikianzia D, sauti yake ya tatu iko baina ya F na F-shapu. Bayati ikianzia E, sauti yake ya pili ni hiyo hiyo. Nyimbo zinapopigwa kwa robo sauti hizo, fundi atakuwa amempeleka mbwa-mwitu katikati ya zizi badala ya kumtoa.

Ndivyo ilivyotokea kwa sello ya mjomba. Fundi wa kwanza alibandika uzito, mbwa-mwitu akashuka mitetemo mitano, na wimbo uliokuwa ukibweka ukanyoka. Juma lililofuata walipiga wimbo wa Rast, naye akaamka kwenye sauti ya tatu. Mjomba akaomba uzito uongezwe kidogo, mbwa-mwitu ashuke zaidi mpaka baina ya E na F, mahali ambapo maqamu ile haipiti, kisha bomba la shaba lifungwe kwenye uzi wa G kumeza yaliyobaki. Sauti ya sello ilipungua kiasi, na mjomba alikiri hivyo. Kubweka nako kulipungua hata mkono uweze kukufunika. Dufu alipewa mwingine, na sello haikuuzwa.

Kutokana na hayo twaona kwamba hakuna mahali pamoja panapofaa kwa kila sello. Fundi sharti amwulize mpigaji nyimbo anazozipiga kabla ya kuchagua mahali pa kumficha mnyama, na mpigaji sharti ajue kumjibu. Fundi anaijua mbao, mpigaji anaujua wimbo, na kila mmoja peke yake ana nusu ya dawa.

MANENO YA MWISHO

Wasomaji wenzangu, mbwa-mwitu hauawi. Maadamu tumbo la ala linatetema, litakuwa na mwendo wake wa asili, na mwendo huo utakuwa mahali fulani. Tuwezalo ni kumjua, kumpunguza nguvu, na kumlaza pale asipopitiwa na wimbo. Wale watakaojiunga na vikundi vya muziki baada ya kumaliza masomo nawaomba wakumbuke utaratibu huu: badilisha mkono kwanza, tafuta kilicholegea, andika sauti inayobweka, tafuta mahali panapotikisika, kisha anza na dawa inayoweza kuondolewa.

Na wale wasiopiga ala yoyote nawaomba jambo jepesi zaidi. Mkisikia ala ya mzee ikikatika katikati ya wimbo, msiharakishe kusema kwamba mkono wake umekwisha. Sikilizeni kama inakatika kila mahali, au mahali pamoja tu. Mkono uliochoka hukosea popote. Mbwa-mwitu hubweka mlangoni pake peke yake.